Runinga ya Kutazamwa kutoka Nje

Mume wangu aliniambia nichague yoyote ninayoitaka, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mwanamume yule hakuwa mtu wa kusema yoyote. Tukienda kununua ndoo atazigonga zote kwa ngumi asikie ipi ina plastiki ngumu, atauliza bei, ataondoka, atarudi, mpaka mwenye duka amchoke. Sasa tumesimama kwenye duka la vyombo vya umeme mjini Tarime, runinga zimepangwa ukutani kuanzia ndogo mpaka ile inayoshinda meza yetu ya chakula kwa upana, naye anasema yoyote. Nilimtazama usoni. Akageuka, akajifanya anasoma maandishi kwenye boksi la pasi.

"Yoyote?" nikamuuliza.

"Wewe chagua, mama watoto. Usinipigie kelele mbele za watu."

Sikuwa nimepiga kelele. Nilikuwa bado najizuia.

Lakini runinga ile haikuwa ya starehe, ilikuwa ya kulinda shamba, kwa hiyo lazima nianze na shamba. Miaka ile ya rashi, ndivyo wachimbaji wanavyoita dhahabu inapoibuka mahali na watu wakapakimbilia, akili zilikuwa zimewaruka watu wote kuanzia Kewanja mpaka kwetu Matongo. Mtu alilala na shamba la mihogo, akaamka na mashimo. Mashimo hayo tunayaita maduara, na kila duara lina tajiri wake, yaani yule anayelisha vijana wanaochimba na kuchukua fungu kubwa likitema, yaani likitoa dhahabu. Shamba la baba mkwe wangu lilikuwa limebaki peke yake, maduara pande tatu, mto upande wa nne. Ndani yake kulikuwa na nyumba zetu, zizi la ng'ombe, na juu kidogo ya zizi kaburi la mama mkwe, la saruji, lenye msalaba.

Kila tajiri aliyefika na sukari na blanketi alijibiwa jibu moja na mzee: "Siuzi mahali alipolala mke wangu." Sukari tuliinywea chai, blanketi lilirudishwa. Baba mdogo, yaani mdogo wake mzee, alitaka tuuze. Majirani, waliokwisha kuuza yao, walitaka tuuze ili tusiwaonyeshe ujinga wao. Ila bila neno la mzee hakuna aliyeweza kuchomeka hata kijiti. Karatasi huja baadaye. Kwetu neno la mwenye mji, yaani mkuu wa boma, mbele ya mashahidi ndilo linaloshika, na mzee akisema ndiyo mara moja hakuna mtoto wala mahakama itakayomrudisha nyuma. Kwa hiyo uhai wa mji wetu wote ulikuwa kwenye mdomo wa mtu mmoja, mjane, anayekula peke yake.

Na mtu huyo kila jioni alikwenda senta kwenye banda la video. Alianza baada ya mke wake kufariki. Alikuwa anapenda mpira, anapenda taarifa ya habari, anapenda hata matangazo ya sabuni. Matajiri wa maduara walilijua hilo, wakawa wanamsubiri pale na chupa. Akirudi, utaona goti limechubuka. Siku moja pikipiki ilimgonga ubavuni, akasema dereva alikuwa mlevi. Siku nyingine aliletwa ametapakaa tope mpaka kiunoni, ametumbukia kwenye mtaro aliouvuka tangu ujana wake. Sisi wote tulisema ni gongo. Mimi nililala nikiwaza kwamba ipo siku watamnywesha mpaka aseme ile ndiyo, halafu asubuhi tutaamshwa na sururu.

Ndiyo nikamwambia mume wangu: mletee baba yako picha hapa nyumbani, asahau senta. Ni rahisi kusema. Kulikuwa na soni.

Kwetu baba mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mkamwana wake, na mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Nikimwona anakuja njiani, naacha njia, najifunika khanga, nainamisha kichwa mpaka apite. Naye akijua ni mimi, uso wake umeshageukia upande wa pili. Chakula chake nilikipika kila siku ya Mungu na binti yangu akakipeleka. Akitaka kuniambia chumvi imezidi atamwambia mtoto, "Mwambie mama yako," hata kama nimesimama hatua chache nyuma ya mlango namsikia. Nilikuwa nimezaa na kulea watoto pale, na sura ya mzee yule niliijua kwa kuibia tu.

Umeme nao ulikuwa upande wangu wa uwanja. Nyumba yangu ilikuwa na mabati. Yake ilikuwa ya nyasi, na mafundi walipopita walikataa kata kata kuvuta nyaya kwenye nyasi. Tulimwomba abadilishe paa. Alisema nyasi zile alizikata marehemu kwa mikono yake, na hapo mazungumzo yakaisha. Basi runinga ilitakiwa ikae sebuleni kwangu, lakini itazamwe na mtu aliyekaa nje, ng'ambo ya uwanja, kwenye kigoda chake. Ndiyo maana tulihitaji kubwa. Kubwa haswa.

Mzee tulikuja naye mjini. Alikaa kiti cha mbele cha gari la kukodi, mimi nyuma kabisa na khanga mpaka puani, joto lote lile. Mume wangu akamvusha barabara kwa kumshika mkono kwa sababu ya pikipiki, akamkalisha kwenye benchi nje ya duka la pembejeo, mkabala na duka letu. Umbali ule ulikuwa karibu sawa na umbali wa kigoda chake mpaka mlangoni kwangu. Mimi nikabaki dukani na muuzaji, dada mmoja mwenye maneno ya upande wa Sirari, mpakani na Kenya.

"Mathe, tivii hutazamwa ukiwa ndani ya nyumba," akaniambia. "Sasa huyo mzee ako huko ng'ambo anafanya nini?"

"Anapima."

"Anapima? Kwani hii ni kitambaa ya suti?"

Akacheka, wenzake wakacheka, nami kwa shingo upande nikacheka. Lakini aliwasha. Aligeuza runinga ya kwanza ikatazama barabara, akapandisha sauti, mpira ukaanza kuunguruma mpaka wapita njia wakasimama. Hilo lilinitia hofu. Mji wenye dhahabu una macho mengi, na mtu anayepima runinga kubwa mchana kweupe anatangaza kwamba nyumbani kuna kitu. Vijana wawili wenye mabuti ya kuchimbia waliegemea pikipiki yao, wakawa wanatutazama bila kupepesa.

"Baba, unaiona?" mume wangu akauliza kule ng'ambo.

"Naiona."

"Watu wanaonekana?"

"Wanaonekana. Wamekosa goli sasa hivi."

Ni kweli walikuwa wamekosa goli. Dada akawasha kubwa zaidi. Mzee akasema anaiona. Akawasha kubwa kuliko hiyo. Anaiona. Akarudisha ndogo kabisa, ile ya kuweka kwenye kabati la vyombo, mzee akasema anaiona na ni nzuri. Damu ikanipanda. Nilijua anafanya nini, au nilidhani najua: mzee hataki kumgharimu mwanawe, anajifanya hata ndogo inatosha. Wazee wetu ni hivyo, mgonjwa ukimuuliza atakwambia mzima. Nikamtuma mume wangu amwondoe pale, amtafutie soda kona ya pili, halafu nikavuka barabara mwenyewe na kuketi kwenye benchi lile.

Ukiwa ng'ambo, runinga ni kitu kingine. Ile ndogo wachezaji walikuwa punje za maharage. Ya kati kioo chake kilikuwa cha kung'aa, nikaona pikipiki zinapita ndani ya uwanja wa mpira. Moja ilikuwa safi ukiitazama mbele, ukisogea pembeni kidogo watu wanakuwa wa kijivu, kama waliokufa. Nilisogea huku na huku kwenye benchi nikifumba jicho moja, na mwenye duka la pembejeo akaniuliza kama ninaumwa. Mwisho dada akawasha ile ya inchi sitini na tano. Niliona jasho kwenye paji la uso la mlinda mlango. Niliona mishono ya jezi yake. Moyo wangu ukaruka, sitaficha, niliitaka ile runinga kwa ajili yangu pia. Nikavuka barabara nikasema ndiyo hiyo.

Nilisubiri mume wangu aanze kupunguza bei. Hakupunguza. Akatoa bahasha ya kaki mfukoni, imekunjwa vizuri, akamkabidhi dada. Mume wangu alikuwa mchimbaji, na wachimbaji hawaweki hela kwenye bahasha. Wanaweka kwenye soksi, au kwenye kipande cha nailoni kilichofungwa fundo, zina vumbi la mawe na zimelowa jasho. Noti zile zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa pasi.

"Umezitoa wapi?" nikamnong'oneza wakati wanafunga boksi.

"Duara limetema."

"Duara la nani?"

"La tajiri. Ametugawia. Unataka nini, nizirudishe?"

Nilikuwa na maswali mengine tele, lakini safari ya kurudi mzee alikuwa kiti cha mbele, na mbele yake mimi sina sauti. Njia nzima nililiangalia lile boksi lililolazwa juu ya viti, na kisogo cha mume wangu, na niliona kisogo hakijatulia. Pikipiki ya wale vijana ilitufuata kwa muda, kisha ikapotea. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikidhani hatari ilikuwa ni wao.

Fundi aliifunga ukutani mkabala na mlango. Tulitoa kabati, tulishusha picha yetu ya harusi, na bado ukuta ulionekana kuibana. Mlango ulifunguliwa mbao zote mbili. Jioni ile mzee aliketi kwenye kigoda chake nje, taarifa ya habari ikaanza, na watoto wakapiga makofi. Mimi nilitafuta mahali pa kukaa nikakosa. Kiti chochote nikikalia kinanileta mbele ya macho ya baba mkwe wangu, ndani ya nyumba yangu, miguu imenyooshwa. Nikijibanza nyuma ya mbao ya mlango naona ukingo wa picha tu. Nikaishia jikoni, na kwa kuwa jiko letu lilikuwa kibanda cha pembeni ya uwanja, nikawa nasikia runinga niliyoichagua mwenyewe kama redio ya jirani. Nilikasirika mpaka nikaunguza ugali. Sebule yangu ilikuwa imekuwa ya kila mtu isipokuwa mimi.

Hata hivyo mzee hakwenda senta siku ile. Wala kesho yake. Siku zikapita, goti lake likapona, na mimi nikajiambia ukitaka cha uvunguni sharti uiname. Majirani walianza kuja na viti vyao. Uwanja ulijaa, mzee katikati yao, mwenyeji, anawakaribisha kwa sauti ambayo sikuisikia tangu mke wake afariki. Wakicheka naye anacheka, kwa kuchelewa kidogo. Nilidhani ni Kiswahili cha watangazaji kinampita, maana yeye alikuwa mtu wa Kikurya hasa.

Jioni moja yule tajiri akaja, ambaye mume wangu alikuwa anachimba kwenye duara lake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, viatu safi hata siku ya tope. Aliinama mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mwajiri wa kijana wako. Nimekuja kutazama picha, kama unakaribisha."

Alikaribishwa. Alileta soda za watu wote, akaweka kiti ubavuni mwa mzee, na wakatazama mpira pamoja. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, siwezi kupika, namtazama tu. Wakati fulani alivua kofia yake akaipitisha mbele ya uso wa mzee, taratibu, mara mbili, kama mtu anayefukuza mbu. Mzee aliendelea kutabasamu akielekea kwenye runinga. Tajiri akavaa kofia yake. Alikaa kidogo, akaaga, na alipopita karibu na jiko alinisalimia kwa adabu mpaka nywele zikanisimama.

Nilimuuliza mume wangu usiku ule tajiri anataka nini. Akasema si kila anayekusalimia ana njaa. Nilimuuliza tena, akaniambia nikiendelea atakwenda kulala kwenye duara. Tukaacha.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja ya Jumamosi walikuja: tajiri, baba mdogo, wazee wa ukoo, na majirani wa kutosha kuwa mashahidi. Walikaa uwanjani kwa kuzunguka, mzee kwenye kigoda chake, mume wangu amechuchumaa pembeni. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, mlango wa jiko uko wazi, nasikia kila neno.

Tajiri alianza mbali, akasifu mji, akasifu ng'ombe. Halafu akasema, "Mzee, na tivii je? Imekufurahisha?"

"Sana. Mwanangu amenikumbuka."

"Mwanao ni mtu mwema. Nami nilifurahi nilipompa ile bahasha aende akakuchagulie. Nasikia hata kupima ulipima mwenyewe."

 Nilishika mpini wa birika la moto kwa mkono mtupu na sikusikia joto. Runinga niliyovukia barabara, niliyofumbia jicho, niliyoitaka kwa moyo wote, ilikuwa chambo, na tulikuwa tumejichagulia chambo kikubwa kuliko vyote dukani.

"Mura, kijana wangu, ni kweli?" mzee akamuuliza mwanawe.

"Ni kweli, baba."

"Mla cha mwenzie na chake huliwa, kaka," akasema baba mdogo. "Majirani wote hawa wametazama hapa. Utakataa kwamba umekula?"

 Mzee namjua, hakuwa mtu wa kula cha mtu bure. Mwisho akasema atampa tajiri kipande cha chini, kando ya mto, apitishe mabomba yake ya maji. Hicho na si zaidi, na baada ya hapo hawadaiani.

"Ninatosheka kabisa," tajiri akasema upesi. "Tena sikutaka kukusumbua, vijana wameshachomeka vigingi alfajiri. Vile pale, vyenye vitambaa vyekundu. Vitazame mwenyewe, mzee, kisha uridhie mbele ya mashahidi hawa."

Nikachungulia. Sikuona kitambaa chekundu hata kimoja kando ya mto. Niliviona vikipanda mteremko, vikalizunguka zizi, vikapita juu ya kaburi la mama mkwe, vikashuka nyuma ya nyumba yangu. Shamba lote lilikuwa ndani. Nikawatazama wazee: kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama chini. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anabandua maganda ya kijiti kwa ukucha, taratibu, kama mtu asiye na haraka duniani.

Mzee aligeuza kichwa kuelekea kule sauti ya tajiri ilikoelekea. 

"Naviona," akasema.

"Umeridhika, mzee?"

Nilimchukia wakati ule. Nasema wazi, nilimchukia kuliko tajiri. Mtu aliyekataa mabati kwa ajili ya nyasi za mke wake, leo ameona kigingi juu ya kaburi la mke huyohuyo na anasema naviona. Akifungua mdomo tena, tumekwisha. Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema kwenye kikao kile, lakini nilikuwa na silaha moja, na ilikuwa ni soni yenyewe. Mkamwana akijitokeza kichwa wazi mbele ya baba mkwe wake, mzee ni lazima anyanyuke, afunike uso, aondoke. Na kikao kilichovunjwa na aibu ya namna ile hakina neno la kushika mpaka wazee wakae upya siku nyingine.

Nikavua khanga kichwani, nikaiacha jikoni. Nikapita katikati ya wanaume wale, nikasimama mbele ya kigoda, karibu kiasi cha kumgusa, na nikainua uso nikamtazama baba mkwe wangu machoni.

"Toka hapo, mwanamke!" baba mdogo akafoka. Mzee mmoja wa ukoo alikwisha kujifunika kwa koti lake.

Baba mkwe hakunyanyuka. Hakugeuza uso. Alinitazama moja kwa moja, kichwa kimeinama upande kidogo, kama anayesubiri kuambiwa kitu.

"Nani amekuja?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoyaona macho yake. Yalikuwa meupe, yote mawili, kama maji yaliyooshewa mchele. Nilikuwa nimemlisha miaka yote ile na sikuwahi kuyaona, kwa kuwa kutoyaona ndiyo ilikuwa heshima yangu. Mzee yule alikuwa hajaona benchi, wala barabara, wala mlinda mlango. Alikuwa anakwenda senta kusikia watu. Na alituficha, maana mwenye mji asiyeona, katika nchi ile yenye dhahabu, ni mtu aliyekwisha kuporwa. Niligeuka nikaona nyuso zote zimepigwa na butwaa, isipokuwa ya tajiri. Yeye alikuwa anafuta kiatu chake.

 Tangu niolewe sikuwahi kumwambia mtu huyu neno.

"Tata," nikasema, "ni mimi, mkamwana wako."

Aliruka kidogo pale kigodani, mkono ukaenda usoni wenyewe kwa mazoea, akajifunika.

"Vigingi haviko mtoni, Tata. Vimechukua shamba lote. Vimepita juu ya kaburi la mama."

Tajiri akaanza kusema kwamba wanawake hawajui mipaka. Mzee hakumsikiliza. Aliita, mkono ukiwa bado usoni.

"Mwanangu. Uko hapo?"

"Niko, baba."

"Vigingi viko wapi?"

Nilimwomba Mungu mume wangu aseme. Aseme chochote, hata uongo, nipate mtu wa kubishana naye. Kijiti kilivunjika mkononi mwake, tukakisikia wote, naye hakusema kitu. Tumeishi pamoja miaka mingi baada ya siku ile, tumezika na kuozesha, na kimya kile bado nakisikia nikimpakulia chakula.

Mzee naye alikisikia.  Kisha akanyanyuka, akaushusha mkono kutoka usoni, na mbele ya ndugu zake, mbele ya majirani, akaunyoosha kuelekea sauti yangu ilikotoka.

"Nishike," akasema.

Wazee walisema hapana. Mmoja alisema kwa Kikurya kwamba hili halijawahi kutokea katika mji wowote. Niliushika. Ulikuwa mkono mkavu, mgumu, na wangu ulikuwa umeungua kwa birika. Nikamwongoza tukapita katikati yao, tukapita zizi, tukapanda mteremko, yeye akihesabu hatua zangu kwa masikio. Hakuna aliyetufuata.

Kwenye kaburi nilisimama, nikauweka mkono wake juu ya kigingi. Alipapasa kitambaa kwanza, akashuka mpaka kwenye mti, akaukamata kwa mikono miwili na kuutikisa hadi udongo ukaachia. Akakitupa. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Kingine," akasema.